Maji ya Moto kwa Mkono wa Kakule

Risasi iliyopotea njia ilimvunja Kakule mkono wa kuume akiwa ameketi kwenye cherehani yake, mtaani Mabanga. Siku ya upasuaji, Édouard, muuguzi wa ganzi, alimpitishia kifaa cha ekografi, kionyeshacho yaliyo chini ya ngozi, juu ya mtulinga, akaitafuta mishipa ya fahamu kwenye kioo, kisha akaingiza sindano taratibu hadi pembeni mwake. Mkono ukazimika wote. Kakule akapasuliwa macho wazi, akimtania daktari kuwa mshono wake umepinda.

"Mukono iko nalala tu, mama," Édouard alimwambia Émérance, mkewe, walipomrudisha wodini. "Mangaribi itaamuka. Musiiguse." Hapo akaitwa mbio, majeruhi wengine walikuwa wameletwa.

Kufikia saa kumi, vidole vilivyotokeza kwenye bendeji vilikuwa bado vinaning'inia. Émérance alivifinya kwa kucha. Wapi! Kwao Butembo kiungo kilichokufa ganzi hukandwa, na mke anayekaa akikitazama husemwa. Akaenda uani, akachota maji yaliyokuwa yakitokota kwenye makaa.

"Mama Olive, acha. Muganga alikataza," Kakule alimwambia mkewe.

"Muganga iko wapi? Ukibakia kilema, ni yeye atashona?"

Kakule alijaribu kucheka. "Basi kanda. Ata unikaange, siko nasikia kitu."

Alichovya kitambaa, akakikamua haraka huku kikimuunguza viganja, akavifunga vidole. Akarudia, tena na tena. Vidole vikawa vyekundu. Akajua damu inarudi. Akavifunga mara ya mwisho, akaviacha vipate joto.

Jua lilipozama, kidole gumba kilitikisika.

"Unasikia, Papa Olive?"

"Nasikia."

Émérance alipiga magoti kumshukuru Mungu. Hakumaliza. Mumewe alitoa ukelele ambao hakuutoa hata siku ya risasi.

Édouard alipokifungua kitambaa, ngozi ya vidole vitatu ilitoka nacho. Mfupa ulikuwa umeungwa vizuri kabisa. Vidole vya kushikia sindano ndivyo vilivyoiva.

"Nani alileta maji?"

"Ni mimi nilimulazimisha," Kakule alisema, meno yakigongana.

Édouard akamgeukia Émérance. Ukweli ulimfika mdomoni. Akaficha viganja chini ya kitenge, akaitikia kwa kichwa.

"Nitamuchoma ganzi tena," Édouard alisema, akienda kuleta mashine. "Wewe, mama, ngojea inje."

Émérance akatoka.