Sudi Mwenye Masikio Mawili

"Nimekata picha chache tu, Gaspari, nawe unalia kama nimekukatia mgomba," alikuwa akisema Protase, kijiti cha meno kikimchezacheza mdomoni.

"Mgomba ukikatwa huchipua," alijibu Gaspari.

Nusu ya kijiji cha Rubwera ilikuwa imesimama barabarani ikijifanya inangoja gari. Ugomvi mzuri wa majirani haupiti hivihivi bila mashahidi, na huu ulikuwa mzuri.

Gaspari alikuwa fundi baiskeli, na tangu ujana hakusoma kitu kingine zaidi ya vitabu vya katuni vya Sudi Sikiomoja. Vilimfikia kwa mikono ya madereva wa malori kutoka Bukoba, vingine vikinuka dizeli, vingine dagaa, naye akavitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda. Wakati wa vita vya Kagera wenzake walikimbia na magodoro; yeye alijitwika lile sanduku, na mkewe Laurensia bado alikuwa akimsuta kwa hilo. Sudi mwenyewe hakuwa na sura ya kumpendeza mtu. Alikuwa mfupi, kofia imetoboka, na sikio la kushoto hana: majambazi walilikata alipokataa kuwaonyesha alikowaficha watoto wa kijiji. Gaspari alivuka mpaka kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, usiku, akiwa amezibwa mdomo asilie. Hakuhitaji kuelezwa mtu kama Sudi ana thamani gani.

Sasa Sudi alikuwa ametengenezewa filamu. Protase, mwenye video na jenereta, nyumba yake ikipakana na ya Gaspari kwa mstari mmoja wa migomba, alikuja kwa maneno matamu kuazima vitabu ili aijue hadithi kabla ya kuionyesha. Akapewa. Akashika wembe, akamkata Sudi katika kila jalada, akambandika kwa uji wa muhogo kwenye ubao wa matangazo mbele ya banda la video. Mvua ya asubuhi ikamnyeshea Sudi mpaka akabaki rangi inayochuruzika.

Na Protase hakuishia hapo. Alipoona watu wanamtazama vibaya, akaongeza chumvi kwenye kidonda. Alisema filamu amekwisha kuiona mjini, na ni bora mara mia kuliko makaratasi. Sudi wa filamu ni kijana mrefu, anaimba, mwishoni anaoa.

"Na masikio anayo yote mawili," alisema. "Nani atakaa kumtazama kilema jioni nzima?"

Gaspari akanyamaza. Wanaomjua walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa sababu Gaspari akipiga kelele hasira zimekwisha, ila akinyamaza ndiyo zinaanza.

Nyumbani Laurensia alimsihi ayaache, jirani ni jirani. Gaspari alimwambia hatampiga Protase wala hatamshitaki kwa mwenyekiti. Alichotaka ni kumwona akidharaulika mbele ya watu, kama Sudi alivyodharauliwa pale ubaoni.

Filamu hiyo ilikuwa ya Kiingereza, na katika mabanda yetu filamu ya Kiingereza haitazamwi bila mtafsiri. Yeye hukaa pembeni na kipaza sauti, anawaeleza watu kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kinyambo nani anasema nini, na anapotokea mtu mbaya anawaonya. Watu humwamini mtafsiri kuliko macho yao. Kwa Protase kazi hiyo aliifanya Ildefonsi, fundi cherehani, mtu mwema mwenye udhaifu mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, Gaspari alimwita Ildefonsi nyuma ya nyumba akamfungulia kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi iliyokaa vizuri. Alimmiminia kwa upendo. Banda lilipojaa na jenereta kuanza kunguruma, Ildefonsi alikuwa amelala chini ya migomba, anakoroma kama jenereta ya pili.

Protase alitoka mlangoni jasho linamtiririka. Ndani watu walikuwa wakipiga makofi na miluzi. Gaspari akamsogelea, kichwa ameinamisha, akasema yaliyopita si ndwele, na kama jirani amekwama, yeye hadithi anaijua. Protase alitabasamu kama mtu aliyeletewa mbuzi wa kuombwa radhi. Akampa kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

Filamu ikaanza. Akatokea kijana mrefu, kofia mpya, meno meupe.

"Ndugu zangu," alisema Gaspari taratibu, "huyu siye Sudi. Mhesabuni masikio."

Banda likahesabu. Bibi Adelgunda, aliyekaa mbele kabisa juu ya ndoo, akasema kwa sauti kwamba ni kweli, yako mawili.

Gaspari akawaeleza kuwa huyo ni tapeli aliyeiba jina la Sudi. Sudi wa kweli amesikia, yuko njiani, anakuja kwa miguu, sasa hivi yuko nyuma ya kile kilima. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Kijana alipoimba, Gaspari alitafsiri kuwa anajisifu kwa wizi, nao wakamzomea. Alipombembeleza msichana, kina mama walimwonya msichana kwa Kinyambo. Kila kilima kilipoonekana kwenye kioo, banda zima lilinyanyuka kutazama. Protase alitaka kumnyang'anya kipaza sauti, lakini Bibi Adelgunda alimrudisha kwa fimbo, asiwaharibie.

Kijana akaoa. Maandishi yakapanda. Sudi hajafika.

"Wa kweli yuko katika mkanda wa pili," alisema Gaspari. "Anao Protase. Amewaficha." Akaweka kipaza sauti chini akaenda zake.

Mkanda wa pili haukuwepo duniani. Protase aliapa kwa Mungu na kwa mama yake, wakamwita mwongo, wakamwita rafiki wa tapeli, ubao wake ukavunjwa, yeye akavutwa shati mpaka mfuko ukabaki mkononi mwa mtu. Wengine walikaa chini kabisa, wakasema hawatoki mpaka Sudi afike.

Jua lilikuwa linazama Protase alipopenya migomba na kutokea uani kwa Gaspari. Laurensia alikuwa ndiyo kwanza anaepua ndizi na maharage.

Protase akaomba Gaspari aende kuwaambia watu ukweli. Gaspari alimtazama, macho yakashiba lile shati lililochanika.

"Mtume yule kijana wako wa filamu. Ana masikio yote mawili, atakusikia."

Protase alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akafuta jasho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Lakini jirani, yule wa kweli. Yule wa nyuma ya kilima. Mwishoni alifika?"

"Hilo sikuambii mpaka naingia kaburini," alisema Gaspari, akamsogezea maji ya kunawa. "Haya, nawa, ingia ndani ule."