Haragwe Sikioni mwa Celina

Hyasinta alikuwa akipepeta maharage sokoni Kariakoo. Akamwita binti yake Celina, kimya. Akamwita tena, kimya. Mtoto alikuwa amekaa juu ya gunia, kampa mgongo. Alipoguswa bega ndipo akashtuka, akashika sikio la kulia, akaangua kilio.

"Dudu huyo kaingia," akasema Josepha wa meza ya vitunguu. "Mtilie maji ya vuguvugu, ataelea mwenyewe."

Akamtilia, jioni na asubuhi. Dudu hakuelea, ila sikio lilizidi kuuma. Hyasinta akafunika magunia yake, akambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali ya serikali ya kikoloni. Dresa mmoja, mfunga vidonda aitwaye Zahoro, akachungulia kwa tochi, akaguna.

"Mama, dudu gani? Hili haragwe. Tena limekunywa maji, limeshiba. Halivutiki sasa, daktari atamlaza usingizi, achanje kidogo alitoe."

"Atasikia?"

"Tutajua bandeji ikitoka."

Hyasinta alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu kwao Kilimanjaro alikuwa akiroweka maharage, akijua fika yanavyovimba, na leo kamrowekea mwanawe sikioni! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alilisikia la jirani, akaliponza sikio la mtoto.

Upasuaji wenyewe haukuchukua muda. Celina akatolewa kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, akalazwa wodi ya Waafrika. Hyasinta hajakaa vizuri, Sista wa Kizungu, mkuu wa wauguzi, akamwonyesha mlango. Akina mama hawakai wodini. Waje saa ya kutazama wagonjwa, watazame, watoke.

"Ana miaka minne, Sista. Akiamka atanitafuta."

"Sheria ni sheria."

Akatoka. Ng'ambo ya ua, kwenye wodi ya Wahindi, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, anamchana mwanawe nywele. Hyasinta hakumwonea kijicho, maana mtoto ni mtoto. Bali alikasirika, akakasirika hasa. Kumbe sheria ilijua kuchagua mama!

Akiwa pale barazani akawaona wanawake wafagiaji wakiingia na ndoo. Hakuna aliyewauliza kitu. Akajifunga kanga kiunoni kama wao, akamfuata msimamizi wao, Rajabu.

"Kaka, nipe burashi. Sitaki ujira."

Rajabu akamtazama kuanzia kanga hadi nyayo. Mtu wa kusugua bure! Akampa na ndoo.

Basi Hyasinta akawa mfagiaji. Asubuhi alimwachia Josepha magunia, akaenda kupiga magoti wodini, akisugua taratibu kuelekea kitanda cha mwanawe. Akifika hapo sakafu ilikuwa chafu kuliko zote, haitakati hata akeshe. Alimnong'oneza Celina sikio la kushoto, akamlisha uji, akamfuta jasho, akarudi kwenye burashi viatu vya Sista viliposikika. Mwanamke yule alikuwa shujaa, na asiyekubali ajaribu yeye kupiga magoti kwenye saruji siku nzima. Sista mwenyewe, ambaye hakuwahi kumtazama mfagiaji usoni, alimsifu Rajabu kwa kumpata mfagiaji hodari.

Siku ya kufungua bandeji, Zahoro alimketisha Celina uso ukutani, akamziba sikio la kushoto kwa kiganja. Sista alisimama pembeni. Hyasinta alikuwa nyuma yao sakafuni, ameinama, mkono umeganda juu ya burashi. Hakuthubutu kupumua. Kisha akaogopa kwamba kutulia kwake kutaonekana, akasugua mara moja, kidogo tu.

"Unasikia nini?" Zahoro akauliza.

Celina akatabasamu. "Mama anasugua."

Sista akageuka, akamwona mfagiaji wake hodari analia na kucheka kwa pamoja, burashi kaikumbatia kifuani.

"Wewe ni mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Toka. Sasa hivi."

Rajabu akaja mbio kuchukua ndoo. Hyasinta akaishika isiondoke.

"Nitatoka, Sista," akasema, sauti haitetemeki. "Lakini kazi siiachi nusu."

Akaingia chini ya kitanda cha mwanawe, akaendelea kusugua, polepole, huku akimwimbia kwa Kichaga, kwa sauti isiyojificha, kama mama yeyote aliyepewa kiti kando ya mwanawe.