Majigambo ya Byarugaba Yaliyokwama Kwenye Mashine

Byarugaba wa Ihembe alikuwa na majigambo ya kurithi kwa baba yake, marefu kuliko shamba lake. Kila harusi alisimama na mkuki, akaeleza alivyovuka Mto Kagera kwa mgongo wa kiboko na alivyomkaba chui mpaka chui akaomba maji. Halafu mwaka wa tisini na tano, ofisi moja ya misaada iliyokuja kwa ajili ya wakimbizi ikaanza pia kukusanya mambo ya kale. Gari likaingia uani, likashusha kompyuta, jenereta na Mukakalisa, binti aliyeajiriwa kupiga chapa. Byarugaba akajigamba asubuhi nzima, binti akaandika, na mwishoni mzee akakabidhiwa kidiski cheusi chenye ukubwa wa kiganja.

Tangu siku hiyo akastaafu kukumbuka.

"Yamo humu," alimwambia mkewe Kokugonza, akipiga mfuko wa koti. "Mzigo ukishakuwa mfukoni, wa nini tena kichwani?"

Kokugonza akaendelea na kazi zake. Kichwa chenyewe hakikuwahi kupewa kazi ya kukichosha, lakini mume akitaka kukipumzisha, nani amzuie?

Ikapita miaka mitatu, ndipo mjukuu wao Deodatha akachumbiwa kijiji cha Kanoni, kwenye ukoo wa mzee Telesfori. Sasa kwenye harusi za huko, kabla rubisi, pombe ya ndizi, haijamiminwa, mzee wa kila upande husimama na kujigamba. Anayekwama huchekwa mpaka Krismasi nyingine. Na Telesfori huyo alikuwa mtu wa kujigamba hata mbele ya karani wa kodi, asikwame.

"Hebu anza nisikie," Kokugonza akamwambia mumewe juma la harusi.

Byarugaba akainua mkuki. "Mimi ni Byarugaba! Mimi ni..."

"Ni nani?"

Akafikiri. "Ni mimi."

Kokugonza akaenda kutafuta kitambaa cha kichwa. Mchana ule ule walikuwa parokiani kwa Novatus, kijana wa kompyuta. Mashine yake ilikuwa mpya, nyeupe kama jino la mtoto. Ikameza kidiski, ikanguruma, kisha skrini ikajaa vijumba, alama za dola na herufi zilizovaa kofia.

"Soma," Byarugaba akaamuru.

"Hayasomeki, babu. Programu iliyoandika haya ni ya zamani. Hii mpya haiijui."

"Miaka mitatu ndiyo zamani? Mimi nina mwavuli wa enzi za Mwingereza, na unafunguka!"

Kokugonza akainama, akavitazama vile vijumba. "Mbona mimi naona ni yenyewe? Ndivyo unavyosikika ukirudi kilabuni."

Mzee hakumjali. Alitoa mfukoni punje za kahawa ya kutafuna, akazipanga juu ya vibonyezo vya mashine kwa adabu. "Mgeni haongei kabla hajatafuna," akasema, akakunja mikono kusubiri.

Novatus akaziokota moja moja. "Babu, kahawa haitasaidia. Labda tuipate ile mashine ya kwanza, yenye programu yake ndani."

Ofisi ile ilikuwa imeshafunga virago. Lakini Mukakalisa alikuwa ameolewa na Xaveri kule Igurwa, na habari zilisema mashine alipewa yeye kama zawadi ya kuagana. Wakamkuta anamenya ndizi.

"Karibuni, wazee wangu. Shikamooni. Mashine ipo nyuma ya jiko," akasema. "Ila sasa hivi ina mtu."

Ilikuwa haina mfuniko. Ndani yake, katikati ya nyaya, kuku mwekundu alikuwa ameatamia, akawaangalia kama karani aliyeingiliwa ofisini.

"Mtoe," akasema Byarugaba.

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini simtoi. Vifaranga wameanza kugonga maganda. Akishtuka atayaacha mayai, na hapo itabidi uatamie wewe."

"Basi tuibebe naye."

"Kwa baiskeli? Kwenye mashimo haya?"

Kokugonza ndiye aliyesema neno: machela. Huko mgonjwa hubebwa mabegani kwa machela ya kusuka, na kila kijiji kina kikundi chake cha wabebaji. Anayeitwa asije hutozwa mtungi wa rubisi. Polikarpi, mkubwa wa kikundi, akaja mbio na wanaume watatu.

"Mgonjwa ni nani?"

"Majigambo ya mzee," akasema Kokugonza.

"Yalianza kuumwa lini?"

"Hata hatujui. Tumeyagundua leo, yakiwa mahututi."

Polikarpi akakuna kichwa, lakini kanuni za kikundi hazikusema mgonjwa lazima awe mtu. Wakaipakia mashine, kuku ndani yake, wakafunika kitenge ili asione njia akaogopa. Mukakalisa akafuata nyuma kumlinda kuku wake.

Njia nzima watu walitoka mashambani, wanaume wakavua kofia. "Poleni jamani. Poleni sana." Kwenye kilima kimoja mama mmoja akasogea karibu, na chini ya kitenge kuku akatoa mlio mrefu wa kukoroma. Mama akajishika shavu.

"Maskini! Ameshafika kwenye sauti hiyo?"

"Tunamwachia Mungu," akajibu Kokugonza, akajifuta jicho lisilo na chozi.

Walipofika parokiani walikuwa na msafara wa waombolezaji na mikungu miwili ya ndizi za pole.

Novatus akaunganisha skrini yake na ile mashine kuukuu, akaiwasha. Ikakohoa vumbi na unyoya. Kuku alipopata joto chini yake, akafumba macho kwa raha. Kidiski kikaingia, na maneno yakatokea, herufi kwa herufi, safi kabisa. Printa ya parokia nayo ilikuwa mpya, ikaringa, ikakataa kuchapa ya mashine kuukuu. Basi Kokugonza, aliyesoma mpaka darasa la nne, akasoma kwa sauti, na Novatus akanakili kwa mkono.

"Mimi ni Byarugaba, niliyevuka Kagera kwa mgongo wa kiboko! Mimi nisiyeogopa... mbuzi huyo! Mbuzi kwenye maharage! Toka hapo, shetani mwenye ndevu! Nisiyeogopa chui, niliyemkaba koo mpaka... Kokugonza! Huo uji unaupika au unauzika? Mpaka chui akaomba maji!"

Novatus akainua kalamu. "Bibi, na ya mbuzi niandike?"

"Mimi niliambiwa niandike kila atakachosema," akajitetea Mukakalisa. "Nikaandika kila alichosema."

Kokugonza akaikumbuka asubuhi ile, mbuzi yule, na ule uji. Akamgeukia mumewe ili wacheke pamoja. Lakini Byarugaba alikuwa anafuatisha kwa midomo, macho yamelowa.

"Nilikuwa nimeyasahau haya," mzee akanong'ona. "Kumbe marehemu baba aliniachia maneno mazito hivi!"

Neno moja tu la Kokugonza lingetosha kumzindua. Akaitazama tena skrini. Miaka yote ya ndoa mtu huyu alikuwa amemsifu kiboko, chui, mkuki, hata viatu vyake vya matairi. Na leo, kati ya chui na maji aliyoomba, lilikaa jina la mkewe, na alama ya mshangao juu.

"Andika," akamwambia Novatus. "Andika na uji."

Siku ya harusi Byarugaba alisimama akiwa ameyameza yote. Kiboko akapita vizuri. "Mimi nisiyeogopa..." Ghafla akageukia migomba, mkuki mbele. "Mbuzi huyo! Mbuzi kwenye maharage!"

Nusu ya wageni wakainuka mbio kwenda shambani. Waliporudi wakihema, mzee alikuwa ameshafika kwenye jina la Kokugonza na uji wake, na kwa ile ngurumo Kokugonza akasimama kama aliyeitwa na askofu, akapiga goti, akaketi. Vigelegele vikalipuka. Wazee wa Kanoni walikuwa wamesikia majigambo ya kila aina, lakini ya kuwakimbiza watu hawakuwahi kuyasikia.

Telesfori akainuka. Alijigamba bila kosa, ng'ombe baada ya ng'ombe, na watu wakamsikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Akaliona hilo. Katikati ya kuruka akasita, akakodolea migomba macho.

"Mbuzi huyo!"

Watu wakageuka. Palikuwa na migomba tu.

Akamgeukia mkewe. "Na wewe, Evangelina! Uji!"

"Uji gani?" Evangelina akauliza kutoka mkekani. "Si umekula ndizi asubuhi?"

Telesfori akatafuta neno linalofuata, asilione. Akaketi polepole, na vicheko vikamfunika kabla hajagusa kiti.

Byarugaba akamwinamia mkewe. "Umeona? Ya mbuzi ameyaelewa kidogo. Ila ule uji ni jambo zito, la ukoo wetu tu."

"Ulikuwa mzito kweli," Kokugonza akakiri. "Maji yaliniishia."

Lakini rubisi ilikuwa imeanza kumiminwa, na mzee hakusikia.