Shingo ya Nelsinho

Genival Trancoso alikuwa na magitaa manane ya besi, na mke wake Ivonete alikuwa na kabati moja la nguo. Hesabu hiyo Ivonete aliwatajia wageni wote waliokanyaga nyumbani kwao Vila Matilde, kabla hata hawajaonja kahawa. Genival, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi, hakuwahi kumjibu. Angejibu nini? Manane ni manane.

Matano yalikuwa ya kisasa. Mepesi, yametulia, ukiyaweka sawa leo utayakuta sawa wiki ijayo, na moja lilikuwa na nyuzi tano kana kwamba nne hazimtoshi mtu kuhangaika. Mawili yalikuwa ya miaka ya sabini, yaliyotengenezwa papo hapo São Paulo, mazito kama milango, yanavuma hata usipoyagusa, na Genival aliyapenda kuliko yale matano kwa sababu ambazo Ivonete alikwisha acha kuzisikiliza. La nane ndilo lililoitwa Koko.

Koko alilinunua miaka tisa iliyopita kwa mchuuzi mmoja wa mtaa wa Teodoro Sampaio, ambako maduka ya ala yamepangana pande zote mbili. Mchuuzi aliapa kwa mama yake kwamba ni gitaa la California la mwaka 1972, halijaguswa na mkono wa fundi. Genival alilipa, akalibeba, akarudi nalo huku akiimba ndani ya treni. Hakulifungua. Mtu mzima, mkusanyaji, anayejua kabisa kwamba shingo ya gitaa la besi imeshikwa na skrubu nne tu, na kwamba ukizitoa utakuta tarehe ya kuzaliwa kwa shingo chini ya kisigino chake, ule mwisho wake wa chini, na tarehe nyingine katika shimo inamokaa, kwenye kiwiliwili. Tarehe zikipatana, gitaa ni halisi. Zisipopatana, umeuziwa mbwa koko.

Alilifungua mbele ya watu. Chama cha Nyuzi Nne kilikuwa na desturi yake: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, katika ukumbi ulio juu ya karakana ya ala, kila mwanachama analeta gitaa moja, linafunguliwa mezani, na mwenyekiti anazisoma tarehe kwa sauti. Mwenyekiti ni Abelardo Fontes, daktari wa meno, na alizisomea kwa kile kile kioo chake cha kazini cha kuchungulia magego. Siku ile alichungulia, akakohoa, akatangaza, "Kiwiliwili, Machi 1972. Shingo, Oktoba 1964."

Mtu mmoja kule nyuma akabweka.

Tangu hapo Genival akiingia tu ukumbini, wanambwekea. Miaka minane mfululizo, na wengine siku hizi wanaongeza na kulia kama mbwa aliyefungiwa nje. Yeye alicheka nao, akawabwekea pia, akala nao, lakini ilimuuma. Kila mwanachama alikuwa ametundika nyumbani japo cheti kimoja cha chama chenye muhuri wa neno HALISI. Genival peke yake hakuwa nacho. Magitaa yake mengine hayakuhesabiwa, kwa kuwa chama kilitambua ya California tu, tena ya kabla ya mwaka 1975. Alikitaka cheti kile kwa hamu ambayo hata kwa mkewe alikuwa haisemi.

Siku moja ya mwezi Julai wanachama walikutana karakanani, na Abelardo akaingia akilalamika.

"Nimeenda mpaka Penha bure! Kuna mama mmoja mjane anauza gitaa la marehemu mumewe. Jekundu, zuri, kiwiliwili cha Oktoba 64. Moyo ukanipasuka. Nafungua shingo, Machi 72! Genival, huyo ni mchumba wa Koko kabisa. Nenda kapose."

Walicheka wote isipokuwa Genival. Abelardo alikuwa amezisahau tarehe za Koko, maana kwake gitaa lisilo halisi halistahili kukumbukwa. Genival alizijua kama anavyojua siku ya kuzaliwa ya binti yake.

"Nipe anwani," alisema.

"Unatania!"

"Si umesema nikapose?"

Bi Zuleide alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, mchangamfu, na macho yake yalishuka moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa shati la Genival.

"Na wewe umekuja na bisibisi," alisema. "Haya, pita. Yule daktari wenu alikaa dakika kumi. Hakulipiga hata kidogo. Alilichungulia mdomoni, akasikitika, akaondoka. Nilidhani ataling'oa jino."

"Mimi naomba nilipige kwanza, mama."

"Ahaa. Kumbe mna watu pia."

Akamkatia kipande cha keki ya mahindi, akakaa kusikiliza. Genival akachomeka waya kwenye spika ya zamani iliyokuwa pembeni na kuanza kupiga samba-rock taratibu, ile ya dansi za Jumapili, na sauti ikatoka nene, ya mviringo, ikapita chini ya meza na kupanda miguuni. Shingo ilikuwa pana, ikamlazimu kunyoosha vidole. Bi Zuleide alikuwa akitikisa bega moja bila kujua. Alipomaliza, akaomba ruhusa na kutoa skrubu nne, moja, mbili, tatu, nne, akazipanga kwenye sahani ya keki.

Oktoba 1964. Machi 1972. Kweli tupu.

Hapo Genival alijaribiwa. Mama wa watu alishaambiwa kwamba gitaa lake halina maana, na bei aliyoitaja ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa. Angelilipia, akaaga, na kesho yake nyumbani angebadilisha shingo na kuwa na magitaa mawili halisi yasiyo na doa. Nani angejua? Alinywa kahawa yote kwa mkupuo ikamuunguza ulimi, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Mama, nusu ya pili ya gitaa hili iko kwangu."

"Nusu ipi?"

"Shingo ya hili iko kwenye gitaa langu. Na shingo ya langu ndiyo hii. Kuna mtu alizibadilisha. Zikirudishwa, hili litakuwa na thamani mara kumi ya hiyo bei yako. Usiniuzie leo. Fikiria kwanza."

Bi Zuleide alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo la Dirceu liko kwako," alisema.

Akamweleza. Mumewe Nelsinho na rafiki yake Dirceu walikuwa wapiga besi wa bendi mbili zilizokuwa zikishindana kwenye dansi za upande wa mashariki ya jiji, na mchana wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha vyuma. Mwaka 1979 mashine ilimkata Dirceu vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Gitaa lake lilikuwa na shingo pana, na kwa vidole viwili hakuweza kuufikia uzi wa juu. Shingo ya Nelsinho ilikuwa nyembamba kupita kawaida, kama ya mwanasesere.

"Basi Nelsinho akaenda hospitali na bisibisi," alisema Bi Zuleide. "Wengine wanapeleka machungwa! Akazibadilisha pale pale kitandani. Dirceu anamwambia, wewe mwendawazimu, utaharibu gitaa lako. Nelsinho anamwambia, mimi nina vidole vya kutosha, nyamaza. Miezi minne baadaye mtu yuko jukwaani anapiga kwa vidole viwili, na watu wanadhani ni mtindo."

Genival alikuwa amejiuliza miaka tisa kwa nini ubao wa shingo ya Koko umelika sehemu za ajabu, vishimo viwili viwili, mbali mbali, kana kwamba aliyeupiga alikuwa akiruka. Alikuwa amelionea aibu gitaa lile. Alilificha nyuma ya mengine wageni wanapokuja.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Dirceu? Yuko kwa binti yake Santo André, analalamikia chakula kukosa chumvi. Gitaa binti aliliuza walipomhamisha, akidhani mzee hapigi tena. Hakumlaumu, lakini hajawahi kulitaja tangu siku ile." Akaisukuma sahani yenye skrubu kuelekea kwa Genival. "Bei ni ile ile. Ukishalinunua ni lako, fanya utakavyo, sitaki kesi. Ila nataka niyasikie yote mawili siku moja, na nimlete Dirceu."

Jumamosi ya mwisho ya Agosti Genival alipanda ngazi za ukumbi na magitaa mawili mgongoni. Walimbwekea kama kawaida. Alisubiri wamalize, akayaweka yote mawili mezani, akatoa skrubu nane.

Abelardo aliinamisha kioo chake. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, akarudi kwenye la kwanza. Masikio yalimwiva.

"Nilikuwa nalo mkononi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nalo mkononi, Genival!"

"Ulikuwa unatafuta jino, daktari."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Genival akaichukua shingo nyembamba na kuishusha kwenye kiwiliwili chekundu, nayo ikaingia bila hata kusukumwa. Shingo pana akairudisha kwenye kiwiliwili cha 72. Watu walipiga makofi, mmoja akapanda juu ya kiti. Abelardo, ambaye hata wivu wake ulikuwa na adabu, aliandika vyeti viwili kwa mwandiko wake mzuri, akaligonga neno HALISI mara mbili, meza ikatetemeka. Genival alikuwa na furaha mpaka kooni. Niseme ukweli, hapo alikuwa amemsahau kila mtu.

Ndipo Bi Zuleide alipoingia, amemshika mkono mzee mrefu mwembamba aliyevaa kofia ya majani na viatu vilivyong'arishwa.

Mzee Dirceu aliisogelea meza. Aliliangalia jekundu, akaiona shingo iko wapi, na Genival akakumbuka vile vidole viwili.

"Mzee, mimi..."

"Imerudi kwa mwenyewe," alisema Dirceu akicheka, meno mapya meupe. "Miaka yote namwambia Nelsinho chukua shingo yako, hataki. Kichwa ngumu yule! Safi sana, kijana. Sasa naomba nilishike langu."

Akapewa la 72. Alilipakata, na kiwiliwili kikakaa tumboni kwake kwa ule upande uliochubuliwa na bizimu za mikanda yake ya ujanani. Akaweka vidole viwili vya kushoto kwenye shingo pana. Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama. Akajaribu tena, akajinyoosha, kidole kikateleza, uzi ukalia vibaya. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama sakafu.

"Basi," alisema Mzee Dirceu kwa uchangamfu, na kulirudisha mezani. "Inatosha. Nimefurahi kuliona."

"Piga hili jingine, mzee," Genival alimwambia, akimpa jekundu. "Shingo si unaijua?"

"Hilo la Nelsinho hilo! Hakuna mtu aliyekuwa akiligusa. Aliniazima shingo, gitaa hakuniazima hata siku moja. Siwezi kuanza leo ambapo hayupo kunitukana."

Genival alibaki amelishika. Cheti cha gitaa lile kilikuwa pale, wino wake bado unang'aa, na jina lake limeandikwa kamili, Genival Aparecido Trancoso. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akachukua bisibisi.

"Genival," alisema Abelardo. "Genival, muhuri haujakauka."

Skrubu ya kwanza ikaanguka mezani.

"Genival, ukifanya hivyo navifuta vyeti! Nitalazimika kuvifuta, ndiyo sheria!"

"Futa, kaka."

Skrubu nane si kazi ya siku nzima. Shingo nyembamba ikarudi kwenye kiwiliwili cha 72, shingo pana ikarudi kwenye chekundu. Akalikaza lile la 72, akaliweka sawa uzi kwa uzi, akamvalisha mzee mkanda begani yeye mwenyewe.

Vidole viwili vya Mzee Dirceu vilishuka kwenye vile vishimo viwili, na havikuhitaji kutafuta. Besi ikaanza kutembea, ikaruka pale ambapo mtu mwenye vidole vinne angepita polepole, ikatua mahali pasipotarajiwa, ikacheka, ikaondoka tena. Bi Zuleide alimvuta Abelardo kutoka kwenye kiti chake na kumchezesha, kioo kikiwa bado mkononi mwa daktari. Feijoada, maharage ya nyama ya chakula cha mchana, ilipoa sufuriani na hakuna aliyeijali. Genival alisimama ukutani akilia waziwazi, na hakuona haya.

Mzee alipochoka, alianza kuuvua mkanda. Genival alimzuia.

"Usivue. Utaenda nalo nyumbani."

Mzee Dirceu alimwangalia, akaliangalia lile jekundu lililobaki mezani, kiwiliwili cha mwaka mmoja na shingo ya mwaka mwingine.

"Na wewe ubaki na hilo? Shingo yake ni pana sana hiyo, inachosha mkono."

"Nitazoea, mzee," alisema Genival. "Vidole ninavyo vyote."