Dagaa Weusi wa Leonia

Tangu nifanyiwe upasuaji wa macho, weupe wa tovuti ya ushirika wetu wa dagaa ulikuwa unanichoma. Mkwe wangu Asia akaniwekea kiongezi, kiprogramu kidogo, kwenye kivinjari cha kompyuta, kurasa zote zikawa nyeusi. Nikamwombea dua.

Asubuhi nikafungua picha za mzigo wa Leonia, mwanachama mpya. Dagaa weusi! Waliolowa mvua huwa hivyo, na kazi yangu ni kuwakataa. Lakini Leonia ni mjane, huu ni mzigo wake wa kwanza, na gari linapakia saa nne. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Kidole hakikutaka kubonyeza "kataa".

Nikapanda bodaboda hadi Kibirizi, anakoanikia dagaa wake. Leonia akanitandikia kanga niikalie.

"Shikamoo, bibi. Mbona unahema?"

"Marahaba. Nionyeshe dagaa."

Walikuwa wakavu, wanang'aa kama sindano mpya.

Nikampigia Asia nyumbani. Akacheka. "Mama, kiongezi kimegeuza na rangi za picha! Nakizima kwenye ukurasa huo, nabonyeza 'kubali'."

Nikamweleza Leonia nilichokaribia kumfanyia. Hakununa. Alinifungia dagaa kwenye gazeti.

"Mpelekee Asia. Mwambie hawa awatazame kwa macho."