Wastani wa Galaksi ya Mbaraki

Jumatatu asubuhi, mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tatu, Mirriam alijifunga leso juu ya koti la maabara, akapiga magoti kando ya kisima cha ua wao huko Mbaraki, akaanza kupima galaksi.

Galaksi zilishuka kisiwani mwaka ule mabomba yalipokauka, moja juu ya kila kisima, pana kama ungo, mikono yake ya nuru ikijikunja polepole. Ofisi ya maji ilizipa nambari. Akina mama walizoea kupitisha ndoo katikati yake.

"Ina mikono yote hiyo, na kunipokea ndoo haiwezi," alisema Bi Mwanabaraka, mwenye nyumba.

Mirriam alishika kioo cha pembe tatu, akasoma mistari ya rangi kila shibiri, toka kitovuni hadi ukingoni. Kila elementi ina mstari wake. Katika galaksi zote tisa alizopima Mji wa Kale, oksijeni na chuma vilijaa kitovuni, vikapungua kuelekea ukingoni. Ndiyo desturi ya galaksi. Hii ya Mbaraki ilikuwa na kitu cha ziada: risasi, ile metali yenye sumu, haba kitovuni, ikizidi kwa kila shibiri kuelekea ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Purity, binti yake wa miaka sita, alikuwa ameanza kusahau kuhesabu. Tumbo lilimuuma, zahanati walisema minyoo. Mirriam alimwita, akamfunua mdomo, akaweka kioo kwenye ufizi. Mstari wa risasi ulikuwa ule ule. Akakifuta kioo mara tatu, akasoma tena.

Ofisini, mkubwa wake, Nicanor, alisoma daftari mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga dirisha. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba fomu ina nafasi moja kwa kila galaksi, na kwamba kitovu na ukingo vikichanganywa, risasi haivuki kiwango.

"Andika wastani, Mama Purity."

"Watoto hawanywi wastani."

Nicanor alitazama kiti cha Gunga, mpimaji mwenzao wa zamani. Gunga alijaza nafasi mbili mwaka wa tisini. Waliokuja kumchukua kwa gari jeupe walisema ni mahojiano ya dakika kumi. Koti lake lilikuwa bado mgongoni mwa kiti, na kila Ijumaa mfagiaji alilipangusa vumbi. Wenye kumbukumbu fupi husema nchi ilikuwa imeshafunguka. Vyama vilikuwa vingi, ni kweli. Koti lilikuwa lile lile.

Mirriam aliandika wastani.

Alhamisi cheti kilibandikwa ukutani kwa gundi ya unga: SALAMA. Aliyekibandika alirudi garini, gari jeupe, akakaa mbele ya lango lililo wazi akiangalia watu wakiteka maji. Bi Mwanabaraka alivuta ndoo. Ikapita kwenye mkono wa ukingoni, ikatoka inang'aa kidogo. Akachota kikombe.

"Mwanangu, mpimaji ni wewe. Tunywe?"

Mirriam alitazama gari. Injini haikuwa imezimwa.

"Cheti kimesema, Bi."

Bi Mwanabaraka alikunywa, akajaza tena, akampa Purity. Mtoto alimaliza kikombe chote, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu mikono ya galaksi. Moja, mbili, tano. Akarudia tangu mwanzo. Moja, tano.