Kimeo cha Elieza

Mama yangu akishaamua jambo, hata umpigie magoti. Mjukuu wake Elieza, mtoto hajafikisha hata mwaka, alikuwa anakohoa tangu upepo wa vumbi uanze hapa Mkonze. Mimi nikasema hospitali. Mama akasema kimeo. Eti kile kinyama cha kooni kimerefuka, kinamkwaruza mtoto. Kikikatwa, kikohozi kwisha.

"Mama, hicho ni kifua," nikamwambia. "Tazama anavyohema!"

"Wewe umezaa wangapi?"

Sina mtoto, na anajua panaponiuma. Nikabeba karanga zangu nikaenda Majengo kuuza.

Violeth, mke wa kaka yangu, alikuwa ofisini kwake. Kila asubuhi anamwachia mama mtoto, na mkwe ni mkwe, utampangia nini? Kaka mwenyewe dereva wa malori, haonekani.

Niliporudi mchana nilimkuta mama sebuleni amempakata Elieza, uso unamng'aa. Fundi wa vimeo alikuwa ameshakuja, amekata, ameondoka. Kwenye kanga palikuwa na damu, si nyingi.

"Njoo usikilize," mama akasema. "Hakohoi tena. Ulikuwa unanibishia nini?"

Nikasikiliza. Kweli, hakukohoa. Lakini kila akitoa pumzi alikuwa anaguna, kaguno kadogo, na tundu za pua zinapanuka. Nikamfunua fulana. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila akivuta hewa. Midomo imeingia weusi. Mungu wangu, niliogopa.

"Mama, huyu hajapona. Huyu hana nguvu ya kukohoa!"

"Usimchurie mtoto!" akafoka, lakini naye akainama kumtazama mbavu.

Nikampokonya. Ndiyo, mama yangu mzazi, nikampokonya. Nikatoka mbio hadi barabarani, nikapanda bajaji, nikamwambia dereva hospitali, haraka. Njiani simu ikaita. Violeth.

"Wifi, mama kanipigia, anasema kikohozi kimeisha! Jamani, nilivyofurahi! Mbona kelele hivyo, uko na mwanangu? Hebu mwekee simu sikioni nimwite."

Nikamwekea.

"Eli! Eli wa mama! Ananisikia, wifi? Anacheka?"

Nilikuwa nimeweka kiganja kifuani kwake, nangoja kiinuke.